Herufi Kubwa

Mimi nalipwa kwa herufi, nisije nikakudanganya.
Nyekundu shilingi kumi na tano, nyeusi kumi,
alama ya mshangao naitoa bure, kama chumvi.
Kwa hiyo nilimpenda Benta Ajwang' kabla hajarusha ngumi:
RADI YA NYALENDA! MVUNJA MENO! MAMA, FICHA MWANAO!
Ukuta mzima wa posho mili, pale Kondele.
Mpinzani wake alisema, "Andika Apondi."
Nikangoja. Brashi inadondoka.
"Apondi nani?"
"Apondi tu."
Herufi sita, nyeusi. Chai na mandazi mawili.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza:
methali hiyo niliichora mwenyewe darasa la sita
na mwalimu mkuu akanilipa nusu.
Lakini mwaka jana nilikuwa ukumbini
Apondi alipomlaza yule wa Busia, raundi ya pili,
mkono wa kushoto, mfupi, kama mtu anayefunga droo.
Tulikuwa watu kumi na wanne.
Mmoja mlinzi. Mmoja amelala.
Chema kilijiuza, naam,
na refa akakopa nauli.

Safari hii Benta alipanda mzani kando ya soko la Jubilee,
akanyakua kipaza sauti:
"Huyu kazi yake pancha! Kesho namtoboa mwenyewe!
Ngumi zake uji wa mgonjwa, hazihitaji meno!"
Soko likapasuka. Wauza nyanya wakaacha nyanya.
Tiketi mia tatu zilikwisha kabla ya adhuhuri.
Apondi alitazama kucha zake, nyeusi kwa mpira.

Kisha Benta akapitiliza:
"Na mamake anauza omena za juzi!"
Kicheko kilikuja, ila chembamba,
kama maji ya mfereji jirani akifungua wake.
Mama mwenyewe alikuwa pale, beseni mapajani.
Omena zilikuwa za alfajiri ile.

Nyanyangu alikuwa akilipa ili ajisifu.
Pakruok: unatoa sarafu, nyuzi zinanyamaza,
unasema wewe ni nani, binti wa kilima kipi,
shemeji wa nani anayelima hadi usiku uombe radhi,
kisha muziki unarudi.
Alijisifu mpaka machozi yakamtoka.
Sikumbuki hata siku moja
alitoa senti yake kumvua mtu nguo.

Jioni walinijia dukani, wote wawili,
wote wawili! wakila muhogo katika karatasi moja.
Kumbe tangu Januari Apondi alimwambia,
"Nitukane. Mdomo unao wewe, mimi sina.
Ukumbi ujae, tugawane."
Sasa Benta, bila kuinua macho:
"Ile ya mama haikuwamo.
Ilitoka tu. Watu wakicheka, ulimi huota miguu."
Apondi alitafuna, akameza.
"Kesho utailipia," akasema,
kwa sauti ya mtu anayekadiria bei ya tairi.

Raundi ya tano, droo ikafungwa.
Watu mia nne wakaimba Benta! Benta!
na Benta yuko chini, anahesabiwa,
maana hilo ndilo jina waliloingia nalo mlangoni.

Usiniulize mimi kama ngumi bila domo itajulikana.
Mimi mtu wa rangi.
Najua herufi kubwa husomeka toka ng'ambo ya barabara,
na najua mvua ya Kisumu
huanza kufuta nyekundu.

Jumatatu Apondi alileta ubao na pesa taslimu,
anataka kibao cha kibanda chake.
Nikamsihi: ongeza basi, bingwa, malkia, chochote,
hata kwa deni.
Alifikiri mpaka rangi ikaanza kushika ngozi.
Akaongeza neno moja.

APONDI. HUZIBA.

Nikainua brashi kuweka mshangao, bure, kwa mapenzi yangu.
Akaushika mkono wangu, polepole,
kwa ule wa kushoto.